Mdomoni mwa Farasi wa Mzee Zayd

Farasi aliyechorwa juu ya mlango wa duka la Bi Basma alikuwa na kwato za ng'ombe. Zilipasuka katikati, kila mguu vidole viwili, kwa sababu fundi rangi aliyemchora, Mkongomani wa Uvira, hakuwahi kumwona farasi maishani mwake, na waliomwagiza amchore hawakuwahi pia. Hata hivyo shingo yake ilipinda kwa madaha na mkia ulikuwa mzuri. Katika taya palikuwa na tundu la risasi lililoingia siku za mji mfu, mwaka wa tisini na tano, maduka yote ya mtaa wa Asiatique yalipofungwa na barabara zikabaki na mbwa peke yao. Vita vilikuwa havijaisha, tundu lile lilikuwa halijazibwa, na watu walikuwa wamekwisha kuvizoea vyote viwili.

Ukimwuliza mwanamke wa Bujumbura kitenge chake amekitoa wapi, alijibu, "Kwa Farasi." Ukoo mzima uliitwa watu wa Farasi. Mzee Zayd, babu yake marehemu Rachidi, mume wa Bi Basma, aliingia mji huu siku za Wadachi akiwa juu ya farasi mweupe, akitokea Ujiji kwa kufuata ukingo wa ziwa. Wengine walifika kwa miguu, wengine kwa mtumbwi, yeye alifika juu ya farasi. Bi Basma alisimuliwa hayo na mumewe katika fungate. Alikuwa binti wa karani wa Rumonge, amesoma lisee, yaani sekondari, kwa masista, anajua Kifaransa cha kuandika na cha kunyamazisha watu. Aliipokea hadithi ya farasi pamoja na mikufu ya mahari, na kama mikufu, aliivaa kila alipotoka.

Rachidi alipofariki, hadithi na duka vilibaki mikononi mwake, pamoja na binti mmoja, Nawal.

Mwaka ule wa elfu mbili na nne mji ulijaa askari wa kigeni wenye kofia za buluu, na kila ofisi mpya iliyofunguliwa ilitafuta watu wanaojua Kiingereza. Waliosoma Kifaransa maisha yao yote walianza upya kama watoto. Nawal naye alikwenda jioni mapema, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, huko Ngagara, kwenye sebule ya Mwalimu Jovithe, ambaye aliweka ubao ukutani mahali pa picha ya harusi yake. Mwalimu huyo alikuwa na desturi yake: kila mwanafunzi alipewa neno moja, akae nalo mpaka alijue na watoto wake wote na wajukuu wake, yaani maana zake na misemo yake, kisha asimame mbele ya wenzake alieleze. Mmoja alipewa jicho. Mwingine mkate. Nawal alipewa farasi.

"Amekupa neno la kwenu," Bi Basma alisema, na moyoni akamsifu Mwalimu Jovithe kuwa mtu mwenye adabu. "Hilo huna haja ya kulisoma. Njoo nikueleze mimi."

Lakini neno lenyewe liliingia nyumbani wakati mbaya. Wiki ileile ilikuja posa.

Wazee wanne walikuja kwa Shaabani, mdogo wake Rachidi na walii wa Nawal, wakamposea kijana aitwaye Yaseen, mwenye kuuza vipuri vya baiskeli sokoni, yatima, aliyelelewa na shangazi yake, muuza mboga wa Carama. Waliacha picha yake, na sanduku la kishika uchumba pamoja na ufunguo wake. Katika ukoo wa Farasi sanduku la namna hiyo lilikuwa na sheria moja tu: likifunguliwa, posa imekubaliwa. Lisipofunguliwa linarudi kama lilivyokuja, na hakuna aliyeaibika, maana hakuna aliyeona kilichomo. Basi likawekwa sebuleni kwa Bi Basma, juu ya kiti, jekundu, limejaa hadi limevimba, na kila aliyepita alilisalimu kwa macho.

Nawal alimtaka Yaseen. Hakusema, lakini alianza kulipangusa vumbi sanduku ambalo halikuwa na vumbi.

Tatizo la Bi Basma lilikuwa moja. Yaseen alikuwa na miaka miwili isiyojulikana. Nyumba yao ya Kamenge iliungua tisini na nne, hilo lilijulikana. Walihamia Carama, hilo nalo. Kisha mwaka wa tisini na nane kijana akatoweka, na alipoonekana tena miaka miwili ilikuwa imepita. Kuna waliosema alikuwa Kigoma kambini. Wengine walisema alikuwa msituni, na waliposema msituni walishusha sauti. Na katika Bujumbura ya miaka ile kulikuwa na swali moja ambalo mtu mwenye adabu hakumwuliza mwenzake: ulikuwa wapi? Uliweza kumwuliza ana watoto wangapi, hata amezika wangapi. Alikokuwa, hapana. Lakini posa nayo ina adabu yake, na adabu ya posa ni kuuliza kila kitu. Adabu hizi mbili zilikutana kifuani mwa Bi Basma na hazikusalimiana.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, Shaabani alikuja kula chakula cha mchana. Kulikuwa na wali na mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga. Nawal alileta karatasi zake mezani.

"Haya, tusomee," Shaabani alisema, akimfungua samaki wa pili. "Farasi wetu anasemaje kwa Kiingereza?"

"Baba mdogo, si mmoja. Kuna farasi mnyama. Halafu kuna farasi wa fundi seremala, ule mti wenye miguu minne wa kupasulia mbao. Kuna farasi wa kuanikia nguo. Kuna sanduku la kurukia shuleni, nalo ni farasi."

"Ngoja," Bi Basma alisema. "Ile fremu yangu ya kuanikia ni farasi?"

"Kwa Kiingereza, ndiyo."

"Basi Mwingereza akiona kitu kina miguu minne amekwisha."

"Hata mawimbi ya ziwa, mama, yakiwa na povu jeupe, nayo ni farasi weupe."

"Povu lina miguu mingapi?"

Shaabani alicheka hadi akakohoa mwiba. "Ndiyo maana walitawala dunia. Hakuna aliyewaelewa, kila mtu akakubali tu."

"Na kuna unga wa kulevya, nao wanauita farasi."

"Hilo usiliseme mbele ya watu," Bi Basma alisema mara moja. "Kesho itasemwa tunauuza dukani."

Nawal alifuta, au alijifanya amefuta. Akaendelea na misemo. Mtu mlafi anakula kama farasi, na hapo mama na binti walitazama sahani ya Shaabani, naye akasema yeye hana haya, chakula cha shemeji ni haki ya mtu. Mwenye pupa anaambiwa awashike farasi wake, yaani asubiri. Wakubwa wanaogawana vyeo kwa nipe nikupe wanafanya biashara ya farasi. "Hilo nalijua," Shaabani alisema, "sisi tulikuwa tunaliita mazungumzo ya amani." Mtu ambaye hakuna anayemjua, kisha akawashinda wote, huyo ni farasi mweusi.

"Mambo ya rangi tuyaache," Bi Basma alisema. "Nchi hii haijamaliza hata ya pua ndefu na pua pana."

"Na mwenye kujiona, mama, yuko juu ya farasi mrefu. Wanamwambia ashuke."

Nawal alikuwa anasoma tu. Bi Basma aliongeza chumvi kwenye wali ambao haukuhitaji chumvi.

"Endelea."

"Farasi wa zawadi usimtazame mdomoni."

"Kwa nini mtu amtazame mdomoni?"

"Umri wa farasi unajulikana kwa meno. Ukipewa bure halafu ukamfungua mdomo uhesabu meno, umemtukana aliyekupa."

Shaabani aliweka samaki chini. "Umesikia, shemeji? Hayo ndiyo maneno. Lile sanduku pale ni nini? Ni zawadi. Kijana anaswali, anafanya kazi, hanywi. Wewe unataka kumfungua mdomo. Wahenga wetu nao walisema, mchagua jembe si mkulima. Mi nasema lifunguliwe leo."

Bi Basma alikuwa karibu kushawishika, kwa sababu aliheshimu maneno yanayotoka kitabuni, lakini Nawal, maskini, alikuwa hajamaliza ukurasa.

"Na ukitaka ukweli wa jambo," alisoma, "usisikilize wapita njia. Upate kutoka mdomoni mwa farasi mwenyewe."

"Mdomo uleule?"

"Uleule, mama."

"Ambao hatukuruhusiwa kuutazama."

"Ndiyo."

Bi Basma alimtazama binti, akamtazama shemeji, akalitazama sanduku. Alitaka kusema kwamba watu hawa hawana msimamo, kisha akakumbuka kwamba hata sisi tunasema haraka haraka haina baraka, na asubuhi ya pili tunasema ngojangoja huumiza matumbo, na hatuoni aibu. Alinyanyuka akaenda kuosha mikono. Siku hiyo sanduku halikufunguliwa.

Jumatatu iliyofuata aliingia dukani mwanamke mfupi, mnene, mwenye kanga iliyofuliwa hadi maua yake yakabaki kivuli. Bi Basma alimkaribisha kama anavyomkaribisha kila mtu, yaani bila kusimama. Mwanamke aliomba aonyeshwe kitenge cha kijani. Akaonyeshwa. Akaomba cha njano. Akakipapasa, akakinusa, akakivuta kwa pande zote mbili, akakitazama mwangani, akakikunja vibaya.

"Hii inatoka wapi, madame?"

"Dubai."

"Na mbele ya Dubai?"

"Mama, kitambaa hakiulizwi nasaba."

"Mi nauliza tu." Mwanamke alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuombwa. "Nyumba hii ni ya zamani. Mutu anaona. Na ile farasi ya pale juu ya mulango, ni ya nini?"

Hapo, tuseme kweli, mwanamke aligusa mahali panapowasha. Bi Basma alisimama. Alisimulia. Alimtoa Mzee Zayd Ujiji, akampitisha Nyanza na Rumonge, akamwingiza Usumbura, kama mji ulivyoitwa zamani, saa ya adhuhuri, mji mzima umesimama barabarani, watoto wanakimbia nyuma, Mdachi mwenyewe ametoka barazani kutazama. Farasi alikuwa mweupe kama maziwa. Hatamu zilikuwa na fedha. Alikuwa ameisimulia hivyo kwa miaka mingi, na kila mwaka fedha iliongezeka kidogo.

Mwanamke alisikiliza kwa makini sana, kiganja kimeshika shavu.

"Ilikufia wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Ile farasi. Ilikufia wapi? Mbung'o wa njia ile wanaua hata punda. Na ikifika, ikikufa, mutu anaizika wapi? Farasi si kuku. Watu wangesema, pale ndiyo kaburi ya farasi."

Bi Basma alifungua mdomo. Alijua mahali mzee alipozikwa, alijua wake zake watatu, alijua nani alirithi nyumba na nani alirithi maneno. Kifo cha farasi hakukijua. Hakuwahi kuambiwa, na jambo la ajabu, hakuwahi kuuliza.

"Unanunua au hununui?" alisema.

"Leo apana," mwanamke alijibu, akainuka taratibu, akaaga kwa heshima zote, akatoka. Mlangoni alisimama akainua kichwa, akamtazama farasi wa ubaoni kuanzia mkia hadi lile tundu la taya.

Bi Basma alikunja vitenge kwa hasira. Mtu aliyesoma hasumbuliwi na mtu wa namna hiyo. Lakini siku mbili nzima lile swali lilimfuata jikoni, likamfuata kwenye sala, na aliposujudu lilikuwa limetangulia kwenye mkeka.

Katika ndoa za watu wale, posa ikishafika, pande zote mbili huanza kupeleleza. Hutumwa mwanamke mwenye macho mazuri na viatu vibovu, aende kama mnunuzi au mpita njia. Aangalie kama mtungi una kifuniko, kama mkwe anamjibu mama yake kwa sauti ya chini. Kila mtu anajua kwamba desturi hiyo ipo, na kila mtu hujifanya haijui. Bi Basma alitafuta wa kumtuma. Wa kwanza alikuwa na mdomo mpana. Wa pili alikuwa na binti ambaye naye hajaolewa. Mwishoni aliona kwamba jina la nyumba halitumwi kwa mikono ya watu. Atakwenda mwenyewe.

Alivaa kanga ya mpishi na ndara. Alivua pete zote. Miwani ya kusomea ilibaki ikining'inia kifuani kwa mnyororo wake wa dhahabu, kwa sababu miwani hiyo alikuwa hajawahi kuihesabu kama kitu cha kuvaa.

Carama ni nyuma ya Kinama, mji unapoanza kuwa mashamba. Teksi ilimshusha mbali, dereva hakutaka kuendelea. Alisema juzi risasi zilisikika upande wa vilima na gari lenyewe ni la mtu. Bi Basma alitembea kati ya nyumba za matofali mabichi na vijibustani vya lengalenga, mchicha wa huko. Aliulizia nyumba yenye kuuza mboga, akaonyeshwa uzio wa matete. Njiani alipanga maneno yake: yeye ni mama wa Buyenzi, anatafuta mboga za jumla, jina lake ni Mama Atumani.

Alibisha. Sauti ikasema karibu. Aliingia, akamkuta mwanamke mfupi, mnene, amekaa kwenye kigoda anachambua lengalenga, na kanga yake ilikuwa ileile, maua yaliyobaki kivuli.

Walitazamana.

"Karibu, mama," mwanamke alisema, na uso wake haukutikisika hata unyusi. "Unatafuta mboga?"

"Natafuta mboga," Bi Basma alisema, maana maneno aliyoyapanga yalitoka yenyewe.

"We unaitwa nani?"

"Mama Atumani. Wa Buyenzi."

"Mama Atumani." Mwanamke alichukua jani, akalitazama mwangani, kama alivyokitazama kitenge. "Na hii muboga, huiulizi nasaba?"

Bi Basma alikaza fundo la kanga ya mpishi. Alifikiri kugeuka. Alifikiri pia kuendelea, aseme hamjui, hajawahi kumwona, na hapohapo akaona mwenzake anatazama mnyororo wa dhahabu kifuani pake. Akili yake, iliyosoma, ilizunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Nani alikuwa anamdanganya nani? Nani alianza? Na mdomo wa farasi ulikuwa upi kati ya midomo hii miwili?

Mwanamke ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka hadi akashika ubavu. "Keti, mama, keti! Mi ndiye Miza, shangazi ya Yaseen. Ulinifukuza kwako, mi sitakufukuza kwangu. Viatu ni vizuri. Ndara umeitoa kwa nani?"

"Kwa mpishi," Bi Basma alisema, akaketi, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini alianza kucheka.

Walikunywa chai ya tangawizi. Miza alionja kwanza kikombe cha mwenzake, kama ifanyavyo kila nyumba ya Burundi, mgeni aone kwamba hakuna sumu, kisha akasema, "Sasa uliza. Umetoka mbali kuuliza."

"Mambo mengine hayaulizwi, dada yangu. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana sitakujibu. Nikisema alikuwa hivi, utasema ni shangazi. Jirani akisema, utasema ni jirani. Mwenyewe yuko nyuma anakarabati gurudumu. Yaseen! Njoo, mwanangu. Kuna mama anataka mboga."

Yaseen alikuja akipangusa grisi mikononi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alipomwona mgeni alimtambua bila shida, maana alikuwa amepita mbele ya duka lile mara nyingi kuliko alivyohitaji. Alisalimia akitazama chini. Alipoongea aliweka mkono mdomoni. Bi Basma alikumbuka kwamba hata katika picha iliyoletwa na wazee midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ya masista wa lisee haikuja kumsaidia, "ulikuwa wapi?"

Jani la mboga lilisimama mkononi mwa Miza. Hata kuku walionekana kama wamesikia.

"Lini, mama?"

"Unajua lini."

Yaseen alichuchumaa ili asiwe juu ya mtu mzima. "Walinikamata njia ya Kinama. Tulikuwa sita, tumetoka kununua mahindi. Wakatubebesha."

"Nani?"

"Wenye bunduki."

"Wa upande gani?"

"Hawakujitaja, mama. Na mi sikuuliza. Kwanza walipanda kilima, kisha wakashuka, nikajua wao nao hawajui wanakwenda wapi. Nilibeba mahindi. Nilibeba sufuria. Mara moja nilibeba kitanda cha mukubwa wao, cha chuma, na godoro juu."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

"Na bunduki?"

"Nilizibeba. Zimefungwa katika mikeka. Siku moja wakasema nifungue moja niishike. Nikasema mi ni wa kubeba." Akaondoa mkono mdomoni. Meno mawili ya mbele, juu, hayakuwapo, na ufizi ulikuwa na kovu jeupe. "Wakanijibu hivi."

Bi Basma aliinua miwani yake kutoka kifuani, akaivaa. Hakujua kama alichokuwa akifanya ni adabu au utovu wa adabu, lakini alitazama. Alitazama kama alivyofundishwa kutazama maandishi. Mapengo yalikuwa mawili. Mtu huvunjwa meno kwa kukataa. Mtu huvunjika meno pia kwa kuanguka na baiskeli, kwa ugomvi, kwa mambo elfu. Mapengo yalikuwa hayana sahihi ya mtu chini yake.

"Wale watano wengine wanaweza kusema?"

"Hawapo, mama."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameufikia mdomo wenyewe, ameufungua, ameusikiliza, na bado hakujua. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia.

"Vizuri," Miza alisema, akiutikisa ungo wa mboga. "Yeye amefungua mdomo. Sasa na wewe, mama wa Farasi. Mi nilikuja kwako kama ulivyokuja kwangu, kwa heshima ya desturi, na nikarudi bila jibu. Mutoto wetu anataka kuingia nyumba yenye farasi. Ilikufia wapi?"

Hadithi ilikuja ulimini kama kawaida, na mji mzima ukiwa barabarani na Mdachi barazani. Bi Basma aliisikia ikija. Aliona pia kitu ambacho hakuwahi kukiona: kwamba katika miaka thelathini hakumwuliza Rachidi hata mara moja chakula cha farasi yule kilitoka wapi, nani alimnywesha, jina lake nani. Alipewa, akapokea, akavaa. Alimpenda mumewe, na hakumfungua mdomo.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Niliambiwa. Labda alikuwapo. Labda alikuwa punda. Sijui, dada yangu."

Alingoja jina la nyumba lianguke. Kuku waliendelea kuchakura. Yaseen alikuwa amesahau kufunika mdomo, na mtu angeweza kusema kwamba anatabasamu.

Miza aliweka ungo chini. "Afadhali," alisema. "Kama ungenijibu ilizikwa mahali fulani, mi ningerudisha posa. Nyumba inayojua kila kitu, mutoto wetu angeishi humo namna gani?" Kisha akasokota fungu la lengalenga kwa kamba ya mgomba. "Chukua. Kikapu ya Carama hairudi tupu. Na haraka kidogo, Mama Atumani, teksi haziji huku jua likianza kushuka."

Njiani Bi Basma hakuelewa kama amepata au amepoteza. Alijaribu kupanga. Aliambiwa jambo lisilo na shahidi. Naye alitoa jambo lisilo na shahidi. Hiyo labda ndiyo biashara ya farasi aliyoisema Nawal. Au ilikuwa farasi mweusi? Au alikuwa ameshuka kutoka kwenye yule mrefu? Misemo ilimchanganyikia kichwani kama nyuzi ndani ya kopo, akavuta mmoja ikaja yote.

Duka lilikuwa limefungwa alipofika. Alisimama kidogo chini ya ubao. Zile kwato zilizopasuka alikuwa amezitazama maisha yake yote ya ndoa. Siku hiyo aliziona.

Ndani, Shaabani alikuwa amekuja kumngoja, amekasirika kwa sababu ya hofu, na Nawal alikuwa amesimama karibu na kile kiti, na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Shemeji, watu wanakwenda Carama peke yao siku hizi? Na kanga hiyo ni ya nani?"

"Wape farasi wako nafasi wapumue, Shaabani," alisema, na hata yeye hakuwa na hakika kama msemo ulikuwa hivyo. Akaweka lengalenga mezani.

Nawal alimtazama. Hakuthubutu kuuliza, kisha akathubutu. "Mama, umemtazama mdomoni?"

"Nimemtazama."

"Umeona nini?"

Bi Basma alivua ndara za mpishi, moja, kisha ya pili, akaziweka sawa ukutani, akafikiri jibu ambalo mwanamke aliyesoma anaweza kumpa binti yake, na hakulipata.

"Mapengo mawili," alisema. "Lete ufunguo. Fungua sanduku."